UZI: Miaka minne ya kupunguza vitu nyumbani, hapa Goma. Kilichonifaa na kilichoniumiza

Mama Mapasa (Goma)

Jambo ndugu zangu. Nyuzi za kuishi na vitu vichache nimezisoma humu muda mrefu, nyingi ni za watu wa Nairobi na Dar, na kila mara nilikuwa naandika mchango halafu naufuta. Mambo ya kwetu yana vingine ndani yake, niliogopa kuuvuruga uzi wa mtu. Leo nafungua wa kwangu. Ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni mama wa watoto wanne, wawili kati yao mapasa. Tunakaa Majengo, nyumba ya mbao na mabati, vyumba vitatu na saloni, yaani sebule. Mama yangu mzazi anakaa na sisi.

Wa Goma mnaikumbuka Alhamisi ya tarehe 27 Mei 2021. Nyiragongo ilikuwa imelipuka Jumamosi iliyotangulia, tarehe 22, lava ikateremka usiku ikasimama karibu na uwanja wa ndege, na tangu hapo ardhi haikutulia, mchana inatetemeka, usiku inatetemeka. Alfajiri ya Alhamisi gavana wa kijeshi akatangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Majengo ilikuwemo.

Nikatandika kikwembe (kitenge) sakafuni. Nikaweka kadi zetu za uchaguzi, maana ndizo vitambulisho, vyeti vya shule vya wakubwa wawili, sufuria moja, unga wa muhogo, sabuni, nguo za watoto, blanketi mbili. Nikafunga fundo, nikalitia kichwani, pacha mmoja mgongoni. Mume wangu alibeba pacha wa pili mabegani na bidoni ya maji mkononi. Mama yangu tulimngoja mlangoni. Alipotoka nilishangaa alivyonenepa ghafla: alikuwa amejifunga vikwembe vitatu juu ya kingine, vyote vipya, na juu yake koti. Akatembea hivyo hadi Sake, kilomita kama 25, jua likimchoma.

Sitawaambia kwamba Sake kulikuwa na raha. Tulilala kwenye sakafu ya darasa, watoto waliharisha, maji yalikuwa shida. Lakini usiku, nikiwa macho, nilikuwa napita nyumbani kwa mawazo, chumba kwa chumba, nikitafuta nilichokikosa. Nilikosa karai la kuogeshea watoto. Nilikosa godoro. Nilikosa redio. Kabati letu la vioo lililojaza ukuta mzima wa saloni halikunijia hata siku moja, na lile ndilo lililotugharimu pesa kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba.

Tuliporudi mwezi wa Juni mlango wa kabati ulikuwa umefunguliwa na tetemeko na sahani zimemwagika. Nikachukua ufagio. Nilizoa vigae vya sahani za harusi yangu, zile nyeupe zenye mstari wa dhahabu, na katikati ya kuzoa nikaona kwamba silii. Nikakaa chini nikahesabu zilizobaki: 41. Pamoja na zilizovunjika zilikuwa 64. Nikajiuliza mara ya mwisho tulilia nini humo. Ulikuwa ubatizo wa mapasa, 2018.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Kabati la vioo kwetu si pambo tu. Mgeni akiingia anaona nyumba ina heshima, anaona mume anatunza, anaona mke alitoka kwao na kitu. Nilijua yote hayo. Ila nilijua pia gharama yake. Vumbi la Goma ni jeusi, linatoka kwenye mawe ya volkano barabarani, linapenya kwenye ubao, na kioo hakilizuii. Kila Jumamosi nilitoa vyombo vyote, nikapangusa, nikarudisha. Kabla ya sherehe niliviosha vyote, bidoni mbili za lita 20 ziliishia hapo, na maji sisi tunanunua au binti yangu mkubwa anaenda kuyachota. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa anapanda mlima na maji ya kuoshea sahani ambazo hakuna mtu anazilia.

Nikaliuza kabati. Lilibebwa na chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili, limelazwa chali, kioo kimefunikwa na blanketi. Mwenye chukudu alipiga goti kwenye kile kipande cha sandali kilichopigiliwa misumari kwenye ubao, akasukuma kwa mguu wa pili, akateremka nalo polepole kama anayebeba mgonjwa. Jirani zangu wote walikuwa nje.

"Mama Mapasa, kuko shida gani kwenu? Munahama?"

"Hapana. Napunguza tu bintu."

"Bintu ya nyumba batu banauzishaka wakati kuko shida."

Jioni ile ile shemeji yangu mkubwa alipiga simu kutoka Bukavu kumuuliza mume wangu amefilisika lini. Hiyo ndiyo sehemu ambayo nyuzi za Nairobi hazikuniandaa. Kwetu mtu anayetoa vitu ndani anaaminiwa kuwa ameanguka. Ilibidi mume wangu aeleze, na nashukuru alieleza kwa kunitetea, akasema pesa ya kabati imelipa ada ya miezi sita. Ilikuwa kweli.

Baada ya hapo nikashika kasi. Nguo za watoto zilizowabana, viatu vya upande mmoja, mapazia ya zamani, feni isiyozunguka, mabidoni yaliyotoboka. Viti vya plastiki 18 nikabakiza 8. Na hapa ndipo nilipokosea. Nilikuwa na sufuria kubwa ya kupikia watu wengi, ile ya kuita vijana wawili waiteremshe motoni. Ilikuwa inakaa uani inakusanya mvua. Nikampa dada mmoja anayepika kantini.

Miezi mitatu haikuisha, baba mkwe akafariki. Matanga yakawa kwetu.

Mnajua matanga ya kwetu. Watu wanakuja, wanakaa, wanalala, na hakuna wa kumuuliza atakula wapi. Nilisimama uani asubuhi ile, watu wanaingia, nina viti 8 na sufuria za kupikia watu sita. Nilitembea nyumba hadi nyumba nikiomba. Nilipata, kwa sababu majirani wa Goma hawakunyimi siku ya msiba, lakini mama mkwe aliniangalia, na yale macho sijayasahau. Katika vitu vyote vilivyokaa bure uani kwangu, nilikuwa nimetoa kile ambacho kilikuwa kinawangojea watu.

Nimeandika sana, nitaendelea. Kwanza nataka kusikia wa Bukavu na L'shi (Lubumbashi) mnaishije na hili jambo.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Mama Mapasa, pole na msiba hata kama ni wa zamani. Nimesoma yote. Nataka kusema kitu na usikione kama kukupinga.

Mimi napanga Kadutu, chumba na saloni, tuko saba, kwenye mteremko ambapo mvua ikinyesha tunalala tukisikiliza udongo. Mtaani kwangu kuna watu wana sahani tano na hawajawahi kuzipunguza kutoka sitini. Wakisikia kwamba kuna watu wanaita hii "minimalizimu" na wanaifundisha kwenye video, wanaumia. Kuwa na vichache kwa kuchagua ni jambo moja, na kunyimwa ni jambo jingine. Tusiyape jina moja.

Ila kuna mzigo unaotubana hata sisi tusio na kabati, nao ni sare. Kila harusi familia inachagua kikwembe, na kila ndugu lazima anunue, na ashonewe. Mwaka mmoja mke wangu alishona sare tano. Tano! Kila moja ilivaliwa siku moja. Huwezi kwenda sokoni na sare ya harusi ya shangazi wakati mtaa mzima umeivaa. Zimejaa kwenye gunia chini ya kitanda, na sisi tuna deni kwa fundi.

Mwaka jana tuliamua: harusi ya ndugu wa damu, sare tunanunua. Nyingine tunapeleka bahasha yenye nusu ya pesa ile na tunavaa nguo nzuri tuliyo nayo. Mara ya kwanza tuliwekwa kwenye viti vya nyuma. Mara ya pili baba wa bibi harusi mwenyewe alikuja kutushukuru kwa bahasha, maana chakula kilikuwa kimepungua.

Fundi Frigo (Lubumbashi)

Wakubwa, jambo. Mimi niko komine ya Kenya hapa L'shi, natengeneza frigo na konjelateri (friza) zaidi ya miaka kumi na tano. Nitasema ninayoyaona kwa macho.

Nyumba nyingi ninazoingia, frigo ni kabati. Nafungua mlango nakuta unga, mchele, viatu vya mtoto, hata Biblia. Umeme unakatika siku tatu, nne, unarudi na nguvu kupita kiasi, unaunguza mota. Mtu hana pesa ya kutengeneza, na kuitoa anaona haya, kwa hiyo inakaa saloni miaka na kitambaa juu na maua ya plastiki. Halafu chumba ni cha mita tatu kwa nne, watoto wanalala chini, na konjelateri peke yake imechukua nafasi ya godoro.

Kwenye karakana yangu kuna televisheni na frigo ambazo wenyewe walizileta miaka mitatu iliyopita. Nikiwapigia wanasema "itakuja siku". Wanaogopa kusema neno la mwisho.

Ushauri wangu ni wa fundi: kama mota imeungua na mtaa wako hauna umeme wa uhakika, uza mapema kwa vipuri. Ndani ya mota kuna waya wa shaba, na huku kwetu shaba kila mtu anaijua thamani yake. Mabomba, milango, taa, vyote vina mnunuzi. Ukikaa nayo miaka mitano kutu inakula na hutapata hata nusu. Na msiitoboe wenyewe, ile gesi si ya kuchezea.

Mama Mapasa (Goma)

Mwalimu, uliyosema nayapokea yote. Mwanzoni nami nililipenda lile jina kwa sababu lilinipa ujasiri, nilikuwa naona wenzangu wako mbali na wanafanya kama mimi. Lakini baada ya Sake siwezi kulitumia mbele ya mtu aliye chini ya shitingi, turubai la wakimbizi. Kule Mugunga nimeona familia zimeachiwa sufuria moja na hakuna aliyewauliza kama wanapenda. Nyumbani tunasema tu "tumepunguza".

Na sare, umenigusa. Hilo bado sijalishinda.

Fundi, aksanti. Nitampelekea kaka yangu maneno yako, ana konjelateri ya namna hiyo hiyo.

Nimalizie habari ya sufuria. Baada ya matanga niliona kwamba kununua nyingine ni kurudi nilikotoka, na kutonunua ni kuaibika tena. Nikawafuata wamama wa avenue yetu. Sisi tayari tuna likelemba, tuko kumi na wanne, kila mwezi tunachanga na mmoja anapokea. Nikawaambia: kwenye uani mwetu kuna sufuria kubwa ngapi? Tukahesabu kumi na moja. Kumi na moja kwa avenue moja, na zinatumika kwa pamoja siku zipi? Msiba mmoja unachukua mbili, sherehe moja labda tatu. Viti vya plastiki tulipohesabu vilipita mia moja na hamsini, vingine vimevunjika miguu vimepangwa tu.

Tulibishana wiki tatu. Mmoja alisema sufuria yake ilitoka kwa mama yake marehemu, haitoki. Tukamwachia, na mimi nilimpa haki. Mwingine aliuliza ikitoboka nani analipa. Swali hilo lilikuwa la maana kuliko yote na ndilo lililochelewesha. Mwishowe tulikubaliana mezani kwa mama mwenye duka: mwezi mmoja wa likelemba hakuna anayepokea, ile pesa inanunua sufuria nne imara na turubai moja. Viti kila mtu alileta vizima vyake, tukavipiga alama ya rangi ya bluu chini. Kuna daftari. Anayechukua anasaini, anarudisha vimeoshwa, anayeharibu analipa kwa awamu tatu. Mtu wa nje ya avenue analipa kidogo, na hiyo ndiyo inayonunua viti vipya.

Kwa hiyo sasa uani kwangu hakuna sufuria kubwa, na msiba ukija hautanikuta mikono mitupu. Nilikuwa nimedhani kupunguza ni kazi ya mtu na nyumba yake. Kwa avenue kama yetu isingewezekana bila wale kumi na watatu wengine.

Dada wa Ndosho (Goma)

Yaya, mimi nimeolewa juzi tu, saloni ni ndogo na zawadi za harusi zimejaa hadi dirishani. Termosi tisa! Nianzie wapi bila kuwakosea waliotoa?

Mama Mapasa (Goma)

Mdogo wangu, hongera. Bakiza mbili. Saba zilizobaki ziweke kwenye boksi na usinunue zawadi ya harusi mwaka mzima, kila ukialikwa unayo. Ila andika ndani ya boksi kila moja ilitoka kwa nani, usije ukairudisha kwa mwenyewe. Na usianze kwa vitu vya mume. Mimi nilianza kwa kabati langu, sahani zangu, nguo zangu. Ndiyo maana mume wangu aliweza kunitetea.

Mkaaji wa Himbi (Goma)

Mama Mapasa, umetaja mama yako mzazi na vile vikwembe vitatu halafu ukapita. Yeye alisemaje ulipoanza kuuza? Mama yangu ana masanduku mawili hayafunguki, na kila tukigusa ni vita.

Mama Mapasa (Goma)

Ndugu, swali lako nililiogopa, na nimekaa nalo siku mbili.

Mama yangu ana sanduku la bati, la bluu, chini ya kitanda. Nilipoanza kupunguza lilikuwa na vikwembe 31. Havijashonwa. Vingi ni wax ya Uholanzi, bado vimekunjwa na karatasi yake, kati yao ametia vipande vya sabuni ili wadudu wasiingie. Mara moja kwa mwezi anavitoa, anavitandaza kitandani, anavikunja upya kwa mkunjo mwingine ili visikatike kwenye mstari, anarudisha. Mimi nilikuwa naona kazi ya bure, sawasawa na kabati langu. Nikamwambia tuviuze au avishone avivae.

Akaniambia: "Moto ulikulaka bintu yangu mara moja. Hii hapana."

Alikuwa anasema habari ya 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipolipuka. Tulikuwa tunakaa Murara. Lava ilipita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, na nyumba yetu ilikuwa njiani. Tulikimbilia Gisenyi. Tuliporudi hapakuwa na majivu ya kuchambua wala mlango wa kufungua, palikuwa na jiwe jeusi limefika usawa wa dirisha, bado linatoa joto. Mama alikuwa na vikwembe vya mahari yake chini ya jiwe lile. Alisimama pale na kimoja alichovaa. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka aliinama akagusa jiwe kwa kiganja akakitoa haraka.

Kwa hiyo nikamwacha. Nilimwacha kwa heshima, lakini moyoni nilikuwa naona ni woga tu, na kwamba siku moja ataelewa.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipofika mjini, benki zikafunga milango. Mshahara wa mume wangu ulikuwa kwenye akaunti, na kwenye akaunti ukabaki. Pesa ya mkononi ikawa adimu, bei zikapanda. Wiki ya tatu, niliamka nikakuta mama hayupo. Alikuwa amekwenda soko la Virunga na vikwembe viwili ndani ya mfuko wa unga, kwa mama mmoja muuza maharage wanayefahamiana tangu zamani. Hawakutumia pesa hata kidogo. Wax mbili zikawa maharage, mafuta ya mawese, chumvi na nusu gunia la makala (mkaa). Alirudi na kijana amebeba, akaviweka jikoni, akaingia chumbani bila kusema neno.

Tulikula sanduku lile hadi Aprili. Vilitoka vikwembe 12.

Baadaye nilimwomba msamaha. Nilimwambia nilifananisha sanduku lake na kabati langu na nilikosea. Kabati lilikuwa linatula sisi: maji, Jumamosi zangu, mgongo wa binti yangu. Sanduku halikutudai chochote zaidi ya saa moja kwa mwezi, na lilikuwa chakula kilichokunjwa, cha kubebeka kiunoni mtu akikimbia. Yeye alikuwa amelichagua kwa hesabu. Kitu chepesi, kisichooza, kila soko linakijua. Mimi niliyekuwa nasoma nyuzi nilikuwa sijapiga hesabu hiyo.

Ndugu wa Himbi, kwa hiyo kuhusu mama yako, kaa naye kwanza umuulize kila kimoja kilitoka wapi. Usiende na gunia la kutolea.

Mkaaji wa Himbi (Goma)

Aksanti sana, mama. Nitakaa naye Jumapili.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Mama Mapasa, nimewasomea wake wa avenue yetu ile habari ya daftari. Wanauliza vitu viwili: sufuria zinakaa kwa nani, na msiba na harusi vikigongana siku moja nani anapewa?

Mama Mapasa (Goma)

Zinakaa kwa yule mama wa duka kwa sababu ana stoo yenye kufuli, na yeye halipi mchango wa matengenezo, hiyo ndiyo ahsante yetu. Vikigongana, msiba unatangulia. Harusi ina tarehe, wanaweza kuazima avenue ya pili mapema. Imetutokea mara moja, Agosti, na wenye harusi wenyewe ndio waliobeba sufuria kupeleka kwenye matanga. Waambie waandike hilo ukurasa wa kwanza wa daftari kabla hawajanunua chochote. Na mama mwenye sufuria ya marehemu, kama yupo na kwenu, mwacheni nayo.